Jibu la mtaalamu: Zulia alilotuachia baba ni la kale kweli, na je, tulifue?

SWALI: "Marehemu baba yangu alikuwa karani katika duka la familia moja ya Kipunjabi, Nairobi. Babu wa familia ile alikuja na kazi za reli. Walipohamia Uingereza mwaka 1968 walimwachia baba zulia kubwa jekundu la maua, na sasa liko kwangu Mombasa. Urefu wake ni kama mita tatu na nusu, upana mita mbili na robo. Matamvua ya upande mmoja yamekwisha, na kona moja imeliwa na wadudu. Mnunuzi mmoja alilitazama akasema ni la Kihindi tu, si la Kiajemi, atanipa shilingi elfu ishirini. Jirani yangu anasema ni hariri tupu, umri wake miaka mia mbili, nisithubutu kuliuza. Mume wangu anataka tulitoe uani tulifue kwa sabuni ya unga tuone rangi yake halisi. Nimekutumia picha za mbele na za nyuma, nyingine nimeweka rula. Nimsikilize nani?"

JIBU: Dada yangu, Mungu amrehemu baba yako, na ahsante kwa kukumbuka kupiga picha za nyuma. Watu wengi hunitumia upande wa mbele peke yake, na zulia husema mengi zaidi mgongoni kuliko usoni.

Nianze na lililo la haraka: msilifue. Mwambie shemeji asubiri, sababu nitazieleza huko mbele. Na msiliuze wiki hii. Wote watatu, mnunuzi, jirani na mume wako, wamekosea, kila mmoja kwa namna yake. Anayenikera zaidi ni mnunuzi, kwa kuwa kauli yake ya "la Kihindi tu" naisikia kila mara, na imewafanya watu wengi watoe vitu vizuri kwa bei ya kutupa.

Tuanze na kile picha zinachoonyesha. Zulia lako limefumwa kwa mkono, hilo sina wasiwasi nalo. Pale ulipoweka rula, maua yanaonekana nyuma waziwazi kama yanavyoonekana mbele, na kila kitone cha rangi ni fundo moja. Kazi yenyewe huenda hivi: nyuzi za mtande, zile za urefu, huvutwa zikakazwa kwenye kitanda cha kufumia. Mfumaji huchukua kipande cha uzi wa sufu wa rangi inayotakiwa, hukizungusha kwenye nyuzi mbili za mtande, hukivuta chini na kukikata kwa kisu. Safu ya mafundo ikitimia, hupitisha uzi wa mshindio, ule wa upana, kisha huishindilia safu kwa kitana kizito cha chuma. Halafu huanza safu nyingine. Kwenye picha yako nimehesabu mafundo 11 kwa upana wa inchi moja na 12 kwa urefu, yaani 132 katika inchi ya mraba. Ukipiga hesabu kwa zulia zima, unapata zaidi ya mafundo milioni moja na nusu, na kila moja limepita kwenye vidole vya mtu.

Jambo la pili ni matamvua. Kwenye zulia la mashine, matamvua hushonewa baadaye kama pambo. Ya kwako ni ncha za nyuzi zilezile za mtande zinazopita ndani ya zulia kutoka mwanzo hadi mwisho. Basi upande ule yalikokwisha haukupoteza urembo peke yake. Kizuizi cha safu za mwisho kimeondoka, na mafundo ya pale yataendelea kuchomoka kila mtu anapopita au ufagio unapopita. Hiyo ndiyo hitilafu ninayoihofia kuliko ile kona iliyoliwa.

Sasa hariri. Jirani yako ameona mng'ao akahitimisha, na si yeye peke yake. Sufu nzuri iliyokanyagwa na miguu mitupu kwa miaka mingi hung'aa. Tena, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wengi walikuwa wakiosha mazulia mapya kwa dawa za klorini ili yapate mng'ao huohuo kabla ya kuyauza. Picha yako ya karibu inaonyesha nyuzi nene zenye manyoya manyoya, na hiyo ni sufu. Ukitaka kujiridhisha kwamba si pamba wala nyuzi za viwandani, chomoa kijiuzi kimoja kifupi kwenye ile kona iliyoharibika, kishike kwa koleo mbali na zulia, ukiwashe. Sufu huungua kwa shida, hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu meusi yanayopondeka. Hariri halisi nayo hunuka hivyohivyo, kwa hiyo jaribio hili halitenganishi sufu na hariri. Kazi yake ni kumfichua yule anayekuuzia "hariri" ambayo kumbe ni pamba iliyong'arishwa au nyuzi zilizotengenezwa kutokana na miti: hizo huwaka haraka na kunuka karatasi. Wewe hutaki kununua, na kwako sufu na hariri zinatofautishwa na zile nyuzi nene zenye manyoya, si na harufu.

Kuhusu miaka mia mbili, zulia lenyewe linakataa. Tazama tena lile ua la rangi ya chungwa karibu na kona. Ulizitenganisha nyuzi kwa vidole ukapiga picha, na picha hiyo moja imenisaidia kuliko nyingine zote. Juu, rangi imepauka ikawa kama vumbi. Chini, penye fundo, bado inawaka kabisa. Rangi za mimea nazo hufifia, ila hufifia taratibu na kwa upole. Tofauti kali namna hii kati ya ncha na shina ni tabia ya rangi za kwanza za viwandani. Rangi hizo zilianza pale kijana Mwingereza William Perkin alipopata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe mwaka 1856, na miongo iliyofuata zikaingia kwa wafumaji wa India kwa kuwa zilikuwa rahisi na za haraka. Zulia haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko rangi iliyomo ndani yake. Likiwa na uzi mmoja tu wa rangi ile uliofumwa tangu mwanzo, si wa kutiliwa kiraka baadaye, miaka mia mbili imeanguka.

Je, ni la Kihindi? Naelekea kukubaliana na mnunuzi hapo. Mtande ni pamba, mshindio ni pamba, mafundo ni ya namna ya Kiajemi ambayo India hutumia, na wekundu wake unavuta zambarau, tofauti na wekundu wa matofali unaoonekana kwenye mazulia mengi ya Kiajemi na ya Kituruki. Wekundu wa namna hii, kwenye kazi za zamani za India, mara nyingi hutoka kwa wadudu wadogo wa lakiri wanaoishi kwenye matawi ya miti. Kutoka kwenye picha siwezi kuapa kwamba wa kwako ni huo. Hilo hujulikana maabara, na kwa zulia la daraja hili sioni sababu ya kuingia gharama hiyo. Lakini vyote vikiwekwa pamoja, pamoja na umbo la maua, vinaelekea upande mmoja.

Ninapoachana na mnunuzi ni kwenye hilo neno "tu".

Anayesema hivyo huwa na picha kichwani kwamba Uajemi ndiko asili na India ni kuiga. Kuna chembe ya ukweli ndani yake. Mfalme Akbar wa dola ya Wamughal, iliyotawala India, aliyekuwa madarakani kuanzia 1556 hadi 1605, aliwaleta mafundi kutoka Uajemi akafungua karakana Agra, Fatehpur Sikri na Lahore. Abul Fazl, mwandishi wa mambo ya utawala wake, anaeleza kwamba mazulia ya Kiajemi yaliendelea kuingizwa, lakini watu walikuwa hawayatamani tena kama zamani kwa sababu ya yale yaliyofumwa nyumbani. Ikiwa karne ya 16 tayari mteja wa Delhi au Lahore alikuwa na sababu ya kupendelea kazi ya kwao, hii dharau ya leo imetoka wapi?

Mafundi wa India walipokwisha kuushika ufundi, waliupeleka kwao. Mazulia ya enzi ya Akbar yana tembo, vifaru, ndege na vita vya wanyama, vimetungwa kama picha ukutani. Mwaka 1620 mwanawe Jahangir alikaa Kashmir majira ya maua, akamwagiza mchoraji wake Mansur ayachore, na mfalme mwenyewe ameandika kwamba Mansur alichora zaidi ya maua mia moja. Tangu wakati huo ua la Kihindi likabadilika. Chini ya Shah Jahan, mwana wa Jahangir, unaliona kwenye marumaru ya Taj Mahal na unaliona kwenye mazulia: mmea mmoja mmoja, na shina lake, majani yake, petali unazoweza kuzihesabu, umesimama kwenye uwanja mwekundu wenye nafasi ya kupumua. Uajemi walipenda kuujaza uwanja wote kwa mizunguko ya matawi. Mhindi aliacha nafasi, na macho yangu hayajawahi kuchoka na nafasi ile. Mazulia bora kabisa ya wakati huo yalifumwa kwa manyoya ya mbuzi wa pashmina juu ya mtande wa hariri, mafundo zaidi ya 1,000 kwa inchi ya mraba. Kivuli cha petali kilipatikana kwa kupanga mafundo ya rangi mbili kwa kupokezana hadi jicho likazichanganya lenyewe. Vipande vyake vimo kwenye makumbusho makubwa ya New York na London, na hakuna mtu wa fani hii anayethubutu kuviita "vya Kihindi tu".

Zama zilezile biashara ilishaanza. Robert Bell, mfanyabiashara wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, aliagiza zulia Lahore kwa ajili ya chama cha mafundi wa mikanda cha London. Lilifumwa kati ya 1630 na 1634, lina nembo ya chama na alama zake mwenyewe, na hadi leo liko mikononi mwa chama hicho. Mazulia ya kusini, ya nchi ya Dekani, yalifika mpaka Japani, na mengine bado hupamba magari ya sherehe ya Gion mjini Kyoto.

Zulia la baba yako halitoki huko, nikuambie wazi usije ukajenga matumaini. Mazulia ya kifalme ni machache mno na karibu yote yanajulikana yaliko. La kwako ni la sura ya pili ya historia hii, ambayo ina utukufu mdogo zaidi na uchungu mwingi zaidi.

Dola ya Wamughal ilipodhoofika karne ya 18, karakana nyingi zilikosa mlipaji. Kilichoziamsha ni Ulaya. Kwenye Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 mazulia ya India yalionekana na umati mkubwa, na maagizo yakaongezeka. Serikali ya kikoloni ilikuwa na watu wengi wasiolipwa mshahara: wafungwa. Magereza ya Agra, Lahore, Yerwada karibu na Pune na mengineyo yakawa viwanda vya mazulia. Kwa kuwa mfungwa hakulipwa kwa kipande na hakuharakishwa na soko, baadhi ya kazi zile ni nzito, imara, zenye michoro iliyonakiliwa kwa uangalifu kutoka mazulia ya zamani, na wakusanyaji wa leo huzitafuta. Zulia kubwa la Chumba cha Waterloo kwenye Kasri la Windsor lilifumwa na wafungwa wa Agra kwa ajili ya Malkia Victoria. Nalipenda zulia la gereza ninapoliona, na siwezi kulitazama bila kuwafikiria waliolifuma, ambao hatujui jina la hata mmoja wao. Naona tuyabebe yote mawili kwa pamoja.

Amritsar, huko Punjab, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mji ule ulikuwa na mafundi wa Kikashmiri waliokuwa wakifuma mashali kwa soko la Ufaransa. Vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 hadi 1871 vilipolivunja soko hilo na mitindo ikabadilika, mashali yakakosa mnunuzi, na mafundi wakahamia kwenye mazulia. Walikuja na namna yao ya kufanya kazi: mchoro mzima huandikwa kwa alama kwenye karatasi iitwayo talim, msomaji mmoja huimba idadi ya mafundo na rangi zake, na wafumaji waliopangana mbele ya kitanda humwitikia huku vidole vikifunga. Amritsar ilipata jina kwa mazulia makubwa mekundu, mazito, yenye maua mapana na weusi wa bluu kwenye mipaka. Mwaka 1947, India ilipogawanywa, wafumaji wengi Waislamu walivuka kwenda Lahore na viwanda vya Amritsar havikurudi kuwa vilivyokuwa.

Nikiyaunganisha haya, kwa ukubwa wake, pamba yake, mafundo 132, wekundu ule na lile ua la chungwa, nakisia zulia lako lilifumwa Amritsar au kwingineko Punjab, kati ya miongo ya mwisho ya karne ya 19 na kabla ya 1947. Nakisia, sijathibitisha. Habari ya familia haipingani na hilo: kati ya wafanyakazi 30,000 na ushei walioletwa kutoka India kwa ujenzi wa reli ya Uganda, kuanzia 1896 hadi 1901, Wapunjabi walikuwa wengi. Lakini babu kufika na reli hakuthibitishi kwamba zulia lilifika naye. Huenda lilinunuliwa Nairobi miaka ya 1930. Kama una njia ya kuwapata watoto au wajukuu wa familia ile huko Uingereza, waulize kama wana picha ya zamani ya sebule yao, au risiti, au barua. Picha moja yenye tarehe na zulia hili sakafuni ina uzito kuliko maneno yangu yote haya.

Kwa desturi ya biashara, zulia huitwa la kale likitimiza miaka mia moja. La kwako linaweza kuwa limevuka hapo au linakaribia. Usijisikie vibaya likiwa na miaka themanini, kwa sababu umri peke yake haufanyi bei. Kuna mazulia ya mwaka 1890 yaliyofumwa ovyo, na ya 1930 ambayo ningelala njaa kuyapata.

Turudi uani, kwenye sabuni ya unga. Sufu ni nywele, na nywele ni protini. Sabuni za unga za nguo zina magadi makali, na nyingi huwekewa vimeng'enya vya kuyeyusha madoa ya damu, maziwa na jasho, ambayo nayo ni protini. Vimeng'enya hivyo havijui tofauti kati ya doa na uzi wenyewe. Baada ya kufua hutaona kitu, utaona baada ya miezi: sufu imekuwa kavu, inakatika, haina mng'ao. La pili ni rangi. Lile ua la chungwa, na pengine baadhi ya mekundu, yanaweza kuchuja maji yakilowa kabisa, na wekundu ukishaingia kwenye maua meupe, kuutoa ni kazi ngumu na mara nyingi hautoki wote. La tatu ndilo baya kwa pwani: zulia la ukubwa huu likilowa huwa zito kiasi cha kuhitaji watu kadhaa kulinyanyua, na pamba iliyo ndani hukauka polepole mno kwa unyevu wa Mombasa. Juu unaona limekauka, ndani bado ni bichi. Ukungu huingia, pamba huoza, na pamba ikioza zulia hukatika kama biskuti hata kama sufu yake ingali nzuri.

Mnachoweza kufanya wenyewe ni hiki. Lilazeni uso chini kwenye sakafu kavu, mpige mgongo wake taratibu kwa kiganja ili mchanga uanguke, kisha mligeuze mfagie mchanga ule, na mrudie. Mtashangaa kiasi kitakachotoka, na mchanga huo ndio unaoikata sufu kwenye shina lake kila mtu anapokanyaga. Mkiwa na mashine ya kufyonza vumbi, tumieni mdomo mtupu usio na burashi inayozunguka, mfuate upande nyuzi zinakolalia, na mkae mbali na matamvua.

Kuhusu ile kona, nina habari njema. Picha inaonyesha sufu imekwenda lakini nyuzi nyeupe za pamba zimebaki uchi, mtande na mshindio. Huyo ni nondo: mabuu yake hula sufu na kuiacha pamba. Panya angekata vyote. Maana yake msingi wa zulia pale upo, na fundi mzuri anaweza kufunga mafundo mapya juu ya nyuzi zilezile. Lakini kwanza hakikisha mabuu hayapo tena. Nondo hupenda giza, utulivu na uchafu wa jasho, kwa hiyo tazama sehemu iliyokuwa chini ya kabati au kochi. Ukiona vifuko vidogo kama punje za mchele vimeshika kwenye nyuzi, au chengachenga za mchanga zenye rangi ya zulia lenyewe, hicho ni kinyesi chao na wako kazini. Fyonza vumbi pande zote mbili kila siku kwa wiki kadhaa na tupa uchafu nje ya nyumba. Karafuu na majani ya mwarobaini hunukia vizuri, hayaui mayai. Vidonge vyeupe vya nondo vina mvuke usiofaa kupumuliwa na watoto, na kwenye zulia lililotandazwa havisaidii kitu. Kinachoua kwa uhakika ni baridi: zulia lifungwe ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, likae kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au kali zaidi kwa wiki mbili. Kwa ukubwa huu utahitaji ghala la baridi kali, na likitoka liachwe ndani ya plastiki hadi lirudi kwenye joto la kawaida ili lisitoke umande.

Kuna mahali ambapo mimi na picha hatutoshi, na inabidi zulia lishikwe na mtu anayejua. Kunja kona moja nzima taratibu, mgongo ndani, ulisikilize. Likitoa mlio wa kukatika, hata mdogo, acha hapohapo, usilikunje tena, usilitandaze mahali pa kupita watu, kwa sababu pamba imeshaanza kuoza. Kadhalika ukibonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye kila rangi kwa dakika moja na kitambaa kikatoka na rangi, hata msafishaji mzoefu lazima ajue kabla hajaligusa. Harufu ya ukungu isiyoondoka, au mabuu yanayorudi baada ya kufagiwa, navyo ni vya kupeleka kwa mtu.

Huyo mtu utampimaje? Muulize atafanya nini kwenye matamvua. Akikwambia atakata ncha na kushonea matamvua mapya ya dukani, mshukuru uondoke, kwa kuwa atakuwa amekata safu za mafundo pamoja nazo. Akisema atapaka gundi nyuma ili lisichomoke, uondoke pia. Gundi huugeuza mgongo kuwa ngozi ngumu, hupasuka, na hakuna fundi atakayeweza kushona hapo tena. Wa tatu wa kumwepuka ni anayetaka kupaka wino mwekundu kwenye sehemu zilizochakaa. Jibu zuri ni kwamba atashona ukingo kwa uzi wa pamba, akizishika safu za mwisho pale zilipo, bila kuondoa chochote. Makumbusho yana wahifadhi wa vitu vya kale. Hata kama hawafanyi kazi za watu binafsi, mara nyingi wanajua nani anayeaminika mjini.

Sasa fedha. Sitakupa bei, kwa sababu bei ya zulia kama hili inategemea hali ya pamba yake, na hiyo sijaishika. Ninachoweza kusema ni kwamba anayetaka kununua hawezi kuwa ndiye mthamini wako. Nyumba nyingi za mnada za Ulaya hupokea picha na kutoa makadirio bila malipo. Tuma picha zilezile ulizonitumia kwa mbili au tatu, pamoja na vipimo na idadi ya mafundo, uone wanasemaje. Jiandae pia kusikia jambo lisilopendeza: kufunga upya mafundo ya kona nzima ni kazi ya siku nyingi, na gharama yake inaweza kuzidi kile inachoongeza kwenye bei. Ukitaka kuuza, afadhali uliuze na kona yake ilivyo, likiwa safi na ukingo umeshonwa, mnunuzi aamue mwenyewe. Ukitaka kubaki nalo, fikiria ukarabati kwa moyo wako na mfuko wako, si kwa bei ya soko.

Kama litavuka mipaka, pita kwanza Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Sheria ya mwaka 2006 inahesabu kuwa vitu vya kale hata vile vilivyoingizwa nchini kabla ya 1895, na kuvitoa kunahitaji kibali. La kwako huenda haliingii humo, lakini barua yao ni bora kuliko kuzuiliwa uwanja wa ndege. Tena usije ukadhani unaweza kulipeleka India na kulitoa utakavyo: kwa sheria yao ya mwaka 1972, kitu cha miaka mia moja na zaidi hakiruhusiwi kutolewa nchini na mtu binafsi.

Mkiamua kubaki nalo, liwekeni pasipopigwa na jua la dirishani, mligeuze mwelekeo mara mbili kwa mwaka ili lichakae sawasawa, na chini yake muweke kitandiko kinachopitisha hewa, hasa kwenye sakafu ya saruji inayotoa unyevu msimu wa mvua. Likihitaji kuhifadhiwa, liviringisheni, msilikunje, na mlifunike kwa shuka la pamba. Plastiki kwa muda mrefu pwani hufungia unyevu ndani.

Ila chochote mtakachoamua, ule ukingo usio na matamvua ushonwe mwezi huu. Ni kazi ndogo kuliko zote nilizozitaja, na haingoji mjue kama mnauza au hamuuzi.